Kiwanda Kilipopiga Hodi Chuoni

Kati ya mhandisi anayebuni mtambo na kibarua anayepakia bidhaa kwenye lori yupo fundi sanifu, mtu ambaye bila yeye kiwanda hakimalizi siku. Mashine ikizima ghafla, yeye ndiye anayesoma mchoro wa umeme, anapima volti, anafungua vali na kusema kilichoharibika ni nini. Elimu yake si ya chuo kikuu, wala haipatikani kwa kukaa kiwandani na kutazama wengine tu. Inataka hesabu na fizikia kwa kiasi chake, na inataka mikono iliyozoea kazi. Ndiyo maana kila nchi iliyojenga viwanda imelazimika kujibu maswali mawili: fundi huyu afunzwe wapi, na gharama ailipe nani? Marekani ilitumia sehemu kubwa ya karne ya 20 kutafuta majibu. Jibu lililojitokeza, yaani ushirikiano kati ya viwanda na vyuo vya jamii, halikupangwa na mtu mmoja. Lilijengwa kwa awamu, na kila awamu ilisukumwa na shida ya wakati wake.

Tuanze na chuo chenyewe, maana hakikuzaliwa kwa ajili ya mafundi. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago na J. Stanley Brown, aliyesimamia shule ya sekondari ya mji huo, walianzisha masomo ya miaka miwili ya chuo kikuu juu ya masomo ya sekondari. Kijana angesoma karibu na nyumbani kwa gharama nafuu, kisha angehamia chuo kikuu kumalizia. Vyuo vya namna hiyo viliongezeka majimboni, vikajulikana kama vyuo vya awali. Mashine ya kukerezea chuma haikuwa na nafasi humo. Hata serikali kuu ilipoanza kugharamia elimu ya ufundi kwa Sheria ya Smith-Hughes ya 1917, fedha zilielekezwa kwenye mafunzo ya chini ya kiwango cha chuo, hasa katika shule za sekondari.

Viwanda navyo vilikuwa na njia zao. Baadhi ya makampuni makubwa yaliendesha uanagenzi ndani ya kuta zake, na mfano mashuhuri ni Shule ya Ufundi ya Henry Ford, iliyofunguliwa Michigan mwaka 1916. Vijana walisoma darasani kwa zamu, wakafanya kazi karakanani kwa zamu, na walilipwa. Mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 30, kisha ukafungwa mwaka 1952. Vifaa vyake vilikabidhiwa chuo cha awali cha Dearborn, jirani na Detroit, nacho kikachukua jina la Chuo cha Jamii cha Henry Ford. Naliona tukio hilo kuwa muhimu kuliko linavyotajwa kwa kawaida: mashine zilezile zilitoka mikononi mwa kampuni zikaingia mikononi mwa umma, na gharama ya kufundisha ikazifuata.

Kwa nini kampuni tajiri iache kufunza watu wake? Maelezo yanayotolewa ni mawili, na hayapingani. La kwanza ni la kiteknolojia. Uzalishaji wa mkondo mmoja ulihitaji mafundi wachache waliobobea na wafanyakazi wengi wa kurudia jambo lilelile kutwa nzima, hivyo shule ya kuwafunza mamia kwa undani ilionekana mzigo. La pili ni la kiuchumi, na lilifafanuliwa vizuri na mchumi Gary Becker katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mtaji wa binadamu. Ujuzi wa jumla, kama kuchomelea au kusoma mchoro wa umeme, unaondoka na mwenye nao. Kampuni iliyogharamia mafunzo hupata hasara pale jirani asiyegharamia chochote anapoongeza mshahara kidogo na kumchukua fundi. Kila mwajiri akilihofia jambo hilo, kila mmoja humngoja mwenzake, na mafundi hawapatikani.

Nchi nyingine zilikata shauri kwa sheria. Kenya ilianza kuwatoza waajiri kwa ajili ya mafunzo ya viwandani mwaka 1971, na Tanzania ikafuata kwa sheria ya 1994 iliyoanzisha VETA pamoja na tozo ya kuendeleza ujuzi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Marekani haikuweka tozo ya kitaifa ya namna hiyo. Swali la nani alipe liliachwa lijadiliwe jimbo kwa jimbo, na mara nyingi kiwanda kwa kiwanda.

Turudi nyuma kidogo, kwa maana vyuo navyo vilikuwa vikibadilika. Sheria ya 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia ilijaza madarasa. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Truman, chini ya uenyekiti wa George Zook, ilipendekeza vyuo vya miaka miwili visambazwe nchini kote, viwe karibu na watu na vifundishe mambo yanayohitajika mahali vilipo. Jina la vyuo vya jamii lilienea kutokana na taarifa ya tume hiyo. Tangu hapo ilidhaniwa kwamba chuo na kiwanda vingekutana vyenyewe, lakini havikukutana upesi.

Juu ya nani hasa aliyevisukuma vyuo kuelekea ufundi, wasomi wamebishana. Wako waliosema kwamba wanafunzi ndio waliotaka masomo ya kazi, na vyuo vikawafuata. Wako waliosema kwamba wenye viwanda walivikamata vyuo ili wapate wafanyakazi wa bei rahisi. Steven Brint na Jerome Karabel, katika kitabu chao cha 1989, walizikataa hoja zote mbili. Walionyesha kwamba kwa miongo mingi wanafunzi waliyakwepa masomo ya ufundi, kwa sababu walitaka kuhamia vyuo vikuu, na kwamba wenye viwanda kwa sehemu kubwa hawakuvijali vyuo hivi. Waliosukuma ufundi walikuwa wakuu wa vyuo wenyewe, waliotafuta soko ambalo vyuo vikuu havijalichukua. Kwa kipindi cha mwanzo, hoja yao inasadikika. Chuo ndicho kilichokuwa mlangoni mwa kiwanda kikiomba kusikilizwa, na kiwanda hakikuitika.

Mambo yalianza kugeuka Kusini mwa Marekani, na sababu yake ilikuwa umaskini. Majimbo ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini yalitegemea pamba shambani na viwanda vya nguo mjini. Baada ya vita mashine za kuvuna pamba ziliwaondoa wakulima wengi ardhini, na mishahara ya viwanda vya nguo ilikuwa midogo. Magavana walitaka viwanda vipya, lakini mwekezaji aliyefika kutazama eneo aliuliza jambo lilelile kila mara: watu wa kuendesha mitambo wako wapi? Luther Hodges, gavana wa Carolina Kaskazini ambaye mwenyewe alikuwa meneja wa viwanda vya nguo kabla ya siasa, alianzisha vituo vya elimu ya viwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1963 vituo hivyo viliunganishwa na vyuo vya awali chini ya sheria moja ya vyuo vya jamii.

Carolina Kusini ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1961, chini ya Gavana Ernest Hollings, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya mafunzo ya ufundi yenye ahadi ambayo haikuwa ya kawaida. Kampuni ikikubali kujenga kiwanda jimboni, jimbo lenyewe lingewafunza wafanyakazi wake wa kwanza kabla mlango haujafunguliwa, tena bure. Maofisa waliitembelea kampuni, wakatazama mashine zake, wakaandika mtaala wa kazi zile zile, kisha wakatafuta jengo, hata kama ni ghala tupu, na kuanza masomo. Jengo la kiwanda lilipokamilika, watu walikuwa tayari. Sambamba na shule hizo maalumu za muda, jimbo lilijenga vituo vya kudumu. Cha kwanza kilifunguliwa Greenville mwaka 1962, na Thomas Barton aliyekiongoza tangu mwanzo alibaki usukani hadi 2008.

Msomaji asidhani kwamba nafasi hizo zilikuwa za kila mtu kwa usawa. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi uliolindwa na sheria. Chuo cha Clemson, katika jimbo hilohilo, kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza Mweusi Januari 1963, baada ya amri ya mahakama. Kazi za uzalishaji katika viwanda vya nguo zilikuwa karibu zote za Wazungu, hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipoanza kuzifungua. Fundi mwenye cheti alihitaji pia mwajiri aliye tayari kumpokea, na hilo chuo peke yake hakingeweza kulileta.

Wawekezaji nao walikuja. Katika miaka ya 1970 kampuni ya matairi ya Michelin kutoka Ufaransa ilijenga viwanda eneo la Greenville na Anderson. Mwaka 1992 kampuni ya magari ya BMW ya Ujerumani ikatangaza kujenga kiwanda Spartanburg, katika jimbo hilohilo, na gari la kwanza lilitoka hapo mwaka 1994. Wakuu wa jimbo hupenda kusema kwamba mafunzo ndiyo yaliyowavuta. Madai hayo yana ukweli, ila si ukweli wote. BMW ilipata pia ardhi kwa masharti nafuu, unafuu wa kodi, na njia ya kurukia ndege iliyorefushwa katika uwanja wa karibu. Bandari ya Charleston nayo imo jimboni humo. Zaidi ya hayo, jimbo hilo limekuwa miongoni mwa yenye vyama vya wafanyakazi dhaifu kabisa nchini, na waajiri walilijua jambo hilo vizuri. Nikiyapima yote, naona mafunzo hayakuwa chambo pekee, lakini bila mafunzo, mengine yote yasingetosha, kwa kuwa kodi ndogo haiendeshi roboti.

Wakati Kusini ikifunza watu kwa ajili ya viwanda vilivyokuwa vikija, viwanda vya magari vya Michigan vilikabiliwa na shida nyingine. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ililazimisha magari yapunguze moshi wenye sumu, na watengenezaji waligundua kwamba kabureta ya kawaida haingeweza kugawa petroli na hewa kwa usahihi uliotakiwa. Jibu lilikuwa kompyuta. Kihisio kwenye bomba la moshi kilipima oksijeni iliyobaki, na kompyuta ikarekebisha mchanganyiko tena na tena ndani ya kila sekunde. Kufikia magari ya mwaka 1981, kampuni ya General Motors ilikuwa imeweka mfumo huo katika karibu magari yake yote madogo ya petroli yaliyouzwa Marekani.

Sasa mtazame fundi wa gereji aliyezoea kutegea sikio injini na kukaza skrubu. Taa ndogo inawaka kwenye dashibodi. Ili ajue tatizo, anachomeka kipande cha waya kuunganisha pini mbili za soketi iliyo chini ya dashibodi, kisha anawasha swichi bila kuwasha injini na kuhesabu jinsi taa inavyopepesa. Mpepeso mmoja, kituo kifupi, mipepeso miwili: hiyo ni namba 12, maana yake kompyuta inaweza kuzungumza. Baada ya hapo zinafuata namba za hitilafu, kila moja ikimpeleka kwenye ukurasa wa kitabu, na kila ukurasa ukimtaka apime volti hapa na ukinzani pale. Sikio halikutosha tena. Fundi aliyekosa msingi wa umeme alianza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na mteja ndiye aliyelipa.

Mwaka 1979 General Motors iliingia makubaliano na Chuo cha Delta, kilicho kati ya miji ya Saginaw, Bay City na Midland, jimboni Michigan. Mwanafunzi alianza kwa kupata wakala wa magari wa kumdhamini. Alisoma chuoni kwa wiki kadhaa, akaenda kufanya kazi kwa wakala kwa wiki kadhaa akilipwa, akarudi chuoni, na baada ya miaka miwili alihitimu akiwa na shahada ya miaka miwili pamoja na uzoefu. Kampuni ilitoa magari ya kufundishia, vipuri, vitabu na mafunzo kwa walimu. Mpango ulienea kwenye vyuo vingine, na Ford na Toyota zikaanzisha ya kwao katika miaka ya 1980.

Hapa ndipo kiwanda kilipopiga hodi chuoni chenyewe, na sababu yake inafaa kuelezwa wazi. Gari lilibadilika upesi kuliko uwezo wa wakala kumfunza fundi wake pembeni mwa kazi. Na tatizo la Becker lilipungua makali, kwa kuwa gharama iligawanywa. Umma ulilipia jengo na mwalimu, kampuni ikaleta vifaa, wakala akatoa mshahara, naye mwanafunzi akalipa ada na muda wake. Hakuna aliyebeba mzigo wote, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kukimbia.

Idadi ya ajira viwandani Marekani ilifikia kilele mwaka 1979, zikiwa zaidi ya milioni 19, na kufikia 2010 zilibaki takribani milioni 11.5. Kazi zilizobaki zilihitaji ujuzi mwingi zaidi, wakati wazazi walioona viwanda vikifungwa hawakutaka watoto wao wavikaribie. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1992, bunge la taifa lilipitisha sheria, iliyopigiwa debe na mbunge David Price wa Carolina Kaskazini, iliyoagiza Wakfu wa Taifa wa Sayansi utoe ruzuku kwa vyuo vya miaka miwili kwa ajili ya mafundi sanifu wa teknolojia ya juu. Chuo kilichoomba fedha hizo kilitakiwa kuonyesha kwamba kinafanya kazi na viwanda.

Lakini kufanya kazi pamoja maana yake nini hasa? Katika vyuo vingi ilikuwa kamati ya ushauri iliyokutana mara chache kwa mwaka, ikanywa chai na kupitisha mtaala ulioandikwa tayari. Njia iliyoleta tofauti ilitoka Kanada katika miaka ya 1960 na kuenezwa Marekani kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio; inaitwa DACUM, na watunga mitaala wa Afrika Mashariki wanaifahamu pia. Wanaoalikwa si mameneja. Wanaalikwa mafundi hodari wenyewe, kama watu wanane hivi, wanakaa chumba kimoja siku mbili pamoja na mwezeshaji. Kila kazi wanayoitaja inaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani. Wanabishana, wanahamisha kadi, wanaondoa nyingine. Jioni ya siku ya pili ukuta umejaa ramani ya kazi halisi, na mwalimu anaona bila kuambiwa ni masomo gani yamepitwa na wakati na ni yapi hayajawahi kufundishwa.

Kutoka Ulaya lilikuja funzo jingine. Mwaka 1995 kampuni za Blum ya Austria na Daetwyler ya Uswisi, zilizokuwa na viwanda karibu na Charlotte, Carolina Kaskazini, zilianzisha uanagenzi wa pamoja na Chuo cha Jamii cha Central Piedmont, kwa sababu hazikuwapata mafundi wa aina ziliyoizoea kwao. Carolina Kusini ilianzisha ofisi maalumu ya uanagenzi ndani ya mfumo wake wa vyuo mwaka 2007, ikampa mwajiri punguzo la kodi la dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mwanagenzi. Fedha hizo si nyingi. Kilichowavuta waajiri wadogo, kwa maoni yangu, ni kwamba ofisi iliwajazia makaratasi ya serikali ambayo hapo awali yaliwakatisha tamaa.

Mpango uliochunguzwa kwa makini zaidi ulianza Kentucky mwaka 2010. Toyota, iliyokuwa ikiunda magari Georgetown tangu 1988, ilikubaliana na Chuo cha Jamii na Ufundi cha Bluegrass kuwafunza mafundi wa matengenezo. Mihula ni mitano. Siku mbili za wiki mwanafunzi yuko darasani, siku tatu yuko kazini kwa mwajiri aliyemdhamini, akilipwa. Darasa lenyewe hupangwa kama kiwanda, kila chombo na mahali pake, na kuchelewa huandikwa. Waajiri wengine walijiunga, mpango ukapewa jina la FAME, na mwaka 2019 Toyota iliukabidhi kwa Taasisi ya Viwanda ya Marekani.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 na Brookings pamoja na Opportunity America ulionyesha kwamba takribani wanafunzi 80 kati ya 100 wa mpango huo walimaliza, wakati kwa wanafunzi wengine wa vyuo vya jamii waliolinganishwa nao waliomaliza hawakufika hata 30. Mapato yao pia yalikuwa makubwa zaidi kwa mbali. Je, mpango ndio uliofanya hivyo, au waliingia vijana ambao wangefaulu popote? Waajiri waliwachagua wanafunzi kwa mitihani na usaili, na waliochaguliwa walikuwa wengi wao wanaume Wazungu. Uteuzi huo lazima umechangia. Hata hivyo, kijana anayelipwa siku tatu za wiki haachi masomo kwa sababu ya kodi ya nyumba, na hiyo ni sababu inayowatoa wengi chuoni kila mwaka. Mchango wa mshahara na mchango wa uteuzi vimo vyote katika tarakimu hizo, na anayetaka kuueneza mpango huu inambidi ajiulize atafanyaje kwa wale ambao hakuna mwajiri aliyewachagua.

Swali hilo lilijitokeza tena Arizona. Kampuni ya chipu za kompyuta ya TSMC kutoka Taiwan ilitangaza mwaka 2020 kwamba itajenga jijini Phoenix, na vyuo vya jamii vya Maricopa, vya eneo hilo, vikaanzisha mwaka 2022 kozi ya siku 10 ya mafundi wa chipu. Watu walijitokeza kwa wingi, ila kozi ilitangulia ajira, na baadhi ya wahitimu walikaa wakisubiri. Mwaka 2023 kampuni ikasogeza mbele uzalishaji hadi 2025, ikitaja uhaba wa wenye ujuzi wa kufunga mitambo. Vyama vya mafundi ujenzi vya Arizona vikapinga, vikisema watu wapo. Mwaka uliofuata TSMC ilianzisha uanagenzi uliosajiliwa serikalini kwa mafundi sanifu, ambapo mtu anaajiriwa kwanza, kisha anasoma katika chuo cha jamii huku akilipwa.